Tundu la Tano

Hakupenda kusemeshwa akiwa ameshika mkanda. Hata ungeingia mbio na habari kwamba nyumba yake inaungua, angekuinulia kiganja cha kushoto usubiri, na macho yake yasingebanduka kwenye ile karatasi nyembamba mpaka aufikie mwisho. Ndipo angesema, "Haya, sema," kama mtu aliyerudi sasa hivi kutoka safari.

Tulimwita Mama Msimamizi, na mpaka leo simkumbuki kwa jina lingine. Alikuwa mkuu wa chumba cha mitambo ya simu za maandishi pale Moshi mjini, miaka ile ya Ujamaa ambapo mwenye neno la haraka la kumpelekea nduguye aliye Dar es Salaam au Mwanza alikuja dirishani kwetu, akaliandika kwenye fomu, nasi tukalituma kwa teleprinta. Nilikuwa opereta chini yake kwa miaka saba. Nilimwogopa, kisha nikamchukia, na hili la tatu nililonalo sasa sijalipatia neno.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na miwani yake ilikuwa na mguu mmoja tu. Upande wa pili alifunga uzi wa kushonea, akauzungusha sikioni. Mavazi yake yalikuwa safi mno hata nyakati ambazo sabuni ilikuwa haipatikani mjini kwa wiki nzima. Lakini mtu aliyekutana naye hakukumbuka miwani wala mavazi. Alikumbuka vidole. Havikutulia. Akisikiliza, vilicheza juu ya meza. Akiwa kwenye foleni ya sukari, vilicheza juu ya paja. Wageni walidhani ana ugonjwa wa neva. Sisi tulijua kwamba anaandika.

Niseme kidogo jinsi mitambo ile ilivyofanya kazi, maana bila hilo mama huyu haeleweki. Teleprinta ilipopokea simu ilichapa herufi kwenye karatasi, na papo hapo ikatoboa mkanda. Kila herufi na kila tarakimu ilikuwa na mstari wake wa nafasi tano kukatiza mkanda. Kila nafasi ama ina tundu, ama haina. Basi. Hakuna nusu ya tundu. Kwa tundu na pasipo tundu, mara tano, mtambo uliandika kila kitu ambacho binadamu walitaka kuambiana: kuzaliwa, posa, mashine iliyoharibika, msiba.

Nilipoajiriwa nilidhani nitafundishwa kwa kitabu. Yeye alinishika mkono wa kulia, akaulaza mezani kiganja kikiangalia chini.

"Una vidole vingapi?"

"Vitano, Mama."

"Basi chuo umekuja nacho. Gumba ndiyo nafasi ya kwanza, kidole cha mwisho ni ya tano. Kinachogusa meza ni tundu. Kilichoinuka, hakuna tundu. Gusa gumba peke yake."

Nikagusa.

"Hiyo ni tatu. Gusa cha pili na cha nne. Hiyo ni nne. Vitatu vya mwanzo: saba. Vitatu vya mwanzo pamoja na cha mwisho?"

Nikagusa, nikamtazama anitajie.

"Moja. Ya pili na ya tatu ni nane. Ya pili, ya tatu na ya mwisho ni sifuri. Kesho asubuhi utanisomea namba zote kumi bila kuangalia mkono wako. Ukishindwa utarudi kwenu Kibosho kupalilia kahawa, na hiyo si kazi ya aibu."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilizisoma zote. Alinionyesha kiti changu.

Kanisani alikaa benchi la nyuma, na padri alipotaja wimbo, vidole vyake viliandika namba ya wimbo juu ya mbao kabla hajafungua kitabu. Mwenzetu mmoja wa zamu alijifunza kumsalimia kwa mkono tu, akiwa ng'ambo ya chumba, na mama alimjibu kwa mkono. Wakati mwingine umeme ulikatika mchana tukiwa na mkanda mrefu unaosubiriwa na mtu dirishani. Aliubana mkanda ule katikati ya gumba na kidole cha shahada, akauvuta polepole, akausoma kwa ngozi yake huku mmoja wetu akiandika kwa penseli. Alikosea mara chache sana. Akikosea, alirudia mkanda wote tangu mwanzo, hata kama kosa lilikuwa herufi moja.

Kulikuwa na msemo wake ambao tulichoka kuusikia. "Neno likiumia hujiponya. Namba haijiponyi." Aliufafanua kila alipopata mtu mpya. Ukiona MAMA AMEFKA SALAMA, akili yako yenyewe inairudisha ile I iliyodondoka. Hujui hata kama umeirudisha. Lakini ukiona 52 mahali pa 62, akili haina pa kushika. Hamsini na mbili ni namba nzima, imesimama wima, inakutazama machoni. Kwa hiyo alituamuru, kila simu yenye tarakimu, tumwombe aliyetuma azirudie, hata foleni ifike barabarani. Watu wa Dar walimchoka. Opereta mmoja wa kule aliwahi kutuma: MWAMBIENI MAMA YENU NAMBA ZETU HAZINA UGONJWA. Aliusoma mkanda huo, akamjibu: RUDIA.

Msione kwamba alikuwa mtu wa chuma. Viduara vidogo vya karatasi vilivyodondoka mtambo ulipotoboa mkanda, kanuni ilisema vitupwe. Yeye alivikusanya kwenye makopo ya maziwa ya unga, na kila Jumamosi ya harusi akampa mama wa bibi harusi kopo moja, watu wawarushie maharusi, vishuke kama mvua. Mtu huyohuyo aliwahi kumkata opereta siku ya mapumziko kwa kwenda nyumbani na penseli ya ofisi.

Na simu za misiba hakuzipitisha dirishani. Alitoka nje kwa mlango wa pembeni, akamtafuta mwenyewe, akasema, "Njoo ukae kwanza." Siku moja mzee mmoja kutoka Rombo alikataa kukaa. "Nipe tu karatasi, binti yangu, mimi si mtoto." Mama hakumpa. Alisimama naye juani muda mrefu mpaka mzee mwenyewe akashuka taratibu kwenye ngazi ya ofisi, akanyoosha mkono.

Siri alizitunza mpaka zikatutisha. Alikuja kiongozi mmoja, mtu mzito, koti begani, akataka kujua mpinzani wake amepokea nini kutoka Dodoma. Aliingia moja kwa moja mpaka kwenye meza ya mama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimesikia kuna simu imeingia asubuhi."

"Zinaingia nyingi."

"Wewe unazisoma zote."

"Ninasoma matundu, mzee. Habari sizisomi."

"Unajua unaongea na nani?"

"Ninajua. Ndiyo maana nimekuamkia."

Yule bwana alitoka bila kuaga. Kwa wiki kadhaa tulisubiri kitu kitupate, kila gari lililosimama nje likitushtua. Hakikuja. Ila nilimwona mama siku ile, baada ya mlango kufungwa, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili ili vidole vitulie. Alikuwa ameogopa kama sisi.

Kanuni aliyoishika kuliko zote ilikuwa hii: opereta haongezi, hapunguzi, wala hafasiri. Simu ni ya mwenyewe. Wewe ni bomba, na bomba halionji maji. Nimeiandika ili mjue aliivunja kwa uzito gani.

Ilikuwa masika. Mama alikuwa amekwenda stesheni ya reli kupokea sanduku la vipuri, na mimi ndiye niliyeachiwa chumba. Saa nne asubuhi simu iliingia kutoka Dar, ya hospitali moja ya mlimani upande wa Masama. Laini ilikuwa inakwaruza kwa mvua. Karatasi ilitoka na majeraha: mahali pa CHUPA palichapwa C UIA, mahali pa DRIPU pakachapwa DRIIU, na mahali pa NAMBA pakachapwa NANDA. Lakini maana ilikuwa wazi. Chupa za maji ya dripu zenye namba fulani kwenye lebo zilikuwa zimegundulika zina uchafu. Zisitumike tena, ziondolewe wodini mara moja. Namba yenyewe ilichapwa safi kabisa: 3748.

Niliomba Dar warudie. Kimya. Niliomba tena. Laini ilikuwa imekufa. Dirishani walikuwa wamesimama watu zaidi ya kumi, na mmoja alikuwa anagonga kioo kwa funguo. Nilichukua karatasi mpya, nikaipiga chapa simu ile upya, nikiyarudisha maneno yote mahali pake, CHUPA, DRIPU, NAMBA, ikapendeza kama barua ya serikali. Kisha nikapiga simu hospitalini, nikamsomea muuguzi mkuu, yule waliyemwita Metroni. Alinisikiliza vizuri. Alirudia namba baada yangu: tatu, saba, nne, nane. Nikasema ndiyo. Nikaweka simu chini nikiwa na raha moyoni, maana nilijiona nimeokoa watu.

Mama alirudi saa sita na matope mpaka kwenye magoti. Kabla ya kunawa alichukua nakala za asubuhi, kama kawaida yake, akazipitia. Akafika kwenye ile nzuri.

"Hii ndiyo iliyoingia?"

"Ndiyo, Mama."

"Laini ya leo inaweza kuleta simu safi hivi?"

Nilianza kupanga fomu za mezani.

"Nimekuuliza."

"Ilikuwa na herufi mbovu kidogo. Nimezirekebisha."

Aliinua kiganja cha kushoto, ingawa hakuwa ameshika mkanda. "Nipe wenyewe."

Mkanda ulikuwa kwenye kikapu cha taka, chini ya maganda ya ndizi. Niliutoa, nikaupangusa kwa gauni. Aliusogeza dirishani kwenye mwanga, akaanza kuusoma. Alirudi nyuma, akausoma tena. 

"Njoo hapa," alisema kwa sauti ndogo. "M ya NAMBA imekuwa nini?"

"N."

"B imekuwa nini?"

"D."

"P za CHUPA na DRIPU?"

"I."

"Zote zimepoteza tundu lilelile. La tano. Sasa weka mkono wako mezani."

Niliuweka.

"Gusa moja."

Niligusa kwa vidole vitatu vya mwanzo na cha mwisho.

"Inua cha mwisho."

Niliinua. Chini ya mkono wangu palikuwa na saba.

"Gusa sifuri. Inua cha mwisho."

Ikawa nane.

Sijui kama nililia wakati ule au baadaye. Nakumbuka nilisema, "Lakini huenda ni saba kweli, Mama. Huenda ni nane kweli."

"Huenda. Tatu na nne hazitumii tundu la tano, hizo ni salama. Na ile alama inayouambia mtambo kwamba mistari inayofuata ni tarakimu, si herufi, inalitumia, nayo imefika nzima. Kwa hiyo tundu lilikuwa linakuja na kuondoka. Saba inaweza kuwa saba au moja. Nane inaweza kuwa nane au sifuri." Alichukua penseli akaandika namba nne, moja chini ya nyingine: 3748, 3148, 3740, 3140. "Ni mojawapo ya hizi. Ipi, Mungu ndiye anajua. Piga simu hospitalini."

Nilipiga. Laini ya mlimani ilikuwa imekatika. Nilipiga mara tano. Dar pia kimya. Mama alivaa koti lake lililolowa, akachukua mkanda, akatoka uani kulikokuwa na Landrova ya mafundi wa laini. Nilimfuata bila kuambiwa.

Dereva alikuwa anakula. "Mama, mafuta haya ni ya mafundi. Wana safari ya Himo. Bila karatasi ya meneja siwezi."

"Meneja yuko Arusha."

"Ndiyo hivyo tena."

"Baba," alimwambia, na sikuwahi kumsikia akitumia sauti ile, "kuna watu wanatiwa sumu mishipani sasa hivi. Wewe endesha. Karatasi nitaandika mimi, na jina litakuwa langu."

Dereva alimtazama, akafunga chakula chake kwenye jani, akawasha gari.

Mpaka Kwa Sadala ilikuwa lami, tukaenda. Tulipoacha barabara kuu kuanza kupanda, udongo mwekundu ulikuwa umegeuka uji. Gari liliteleza ubavu mara mbili, na mara ya tatu likazama gurudumu la nyuma kando ya mgomba. Wanaume waliokuwa wanajikinga mvua kwenye kibanda cha pombe ya mbege walitoka wakasukuma, wakicheka, wakituuliza tunakimbilia harusi ya nani.  Mkono wa kulia wa Mama ulikuwa juu ya goti, unagusa na kuinua, unagusa na kuinua. Niliusoma bila kutaka. Tatu, moja, nne, sifuri. Tatu, moja, nne, nane. Alikuwa anazipitia zote, kama anayetafuta ipi ni nyepesi kubeba.

Tulifika saa nane. Metroni alikutana nasi kwenye veranda. Alinitambua kwa sauti nilipomwamkia.

"Wewe ndiwe uliyepiga asubuhi. Mbona mmejisumbua? Tuliangalia stoo yote, hiyo namba hatuna. Tukamshukuru Mungu, tukaendelea."

"Mliendelea na zipi?" Mama aliuliza.

"Hizi tulizonazo."

"Zina namba gani?"

Metroni alitazama gauni la mama lililojaa tope, akatazama ule mkanda mkononi mwake. "Wewe ni daktari?"

"Hapana. Mimi ni wa simu. Nisikilize, dada yangu. Namba uliyosomewa huenda imeharibika njiani. Nitakusomea nne. Ukiwa na hata moja kati yake, iondoe. Tatu saba nne nane."

"Hiyo nimesema hatuna."

"Tatu moja nne nane."

"Hapana."

"Tatu saba nne sifuri."

"Hapana."

"Tatu moja nne sifuri."

Metroni hakusema hapana. Aligeuka akaanza kutembea, kisha akakimbia, mwanamke mtu mzima na mwili wake, viatu vikilia kwenye sakafu. Tulimfuata mpaka wodi ya wazazi. Chupa ilikuwa inaning'inia juu ya kitanda cha msichana aliyejifungua alfajiri, imefika nusu. Msichana alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili, meno yakigongana, na mama yake alikuwa anamfuta uso akisema kwa Kichagga kwamba ni baridi tu ya mvua. Metroni alifunga mrija, akachomoa sindano. Aliishika ile chupa akaielekeza kwenye mwanga. Lebo ilikuwa 3140.

Yule msichana aliishi. Aliumwa homa kwa siku nyingi, lakini aliondoka na mtoto wake.

Katika wodi ya wanaume kulikuwa na mzee wa kijiji cha jirani, Meku kama Wachagga tunavyomwita mtu wa umri ule, aliyeletwa siku iliyotangulia akiwa amekauka kwa kuhara. Chupa yake ya pili, nayo ya 3140, walimfungia saa tano. Saa moja baada ya mimi kupiga simu. Saa moja baada ya Metroni kuangalia stoo na kumshukuru Mungu. Alifariki saa saba, na tulimkuta amefunikwa shuka. Daktari alisema alikuja akiwa hoi na moyo wake ulikuwa umechoka. Hakuna awezaye kusema ni nini kilimwondoa. Alilisema mara mbili, mara ya pili akiniangalia mimi.

Kesho yake Dar walirudi hewani. Mama aliomba warudie. Ikaja 3140, safi. Hakufurahi kwamba amepatia.

Kisha akakaa chini akaandika ripoti. Nilisimama nyuma ya kiti chake. "Mama," nilimwambia, "hospitali hawatalalamika. Metroni ameshatushukuru. Si lazima tuandike yote."

"Yote ndiyo yaliyotokea."

Aliandika kwamba ametangaza habari za simu ya mtu, amezifasiri kwa kukisia, na amechukua gari bila kibali. Halafu, kwa mwandiko uleule usiopanda wala kushuka, akaandika kwamba opereta wa zamu, na jina langu likafuata, alipitisha tarakimu bila kurudiwa, alipiga chapa upya simu iliyoharibika na kuficha uharibifu wake, na aliutupa mkanda. Hakuongeza hata neno la kunitetea, kwamba laini ilikufa, kwamba niliomba mara mbili. Nilimwuliza kwa nini.

"Hayo utayaandika wewe kwenye ya kwako. Mimi sikuwepo."

Alivuliwa usimamizi, akapelekwa dirishani kuuza stempu. Mimi nilishushwa daraja, nikahamishiwa Tanga. Siku ya kuondoka nilipita mbele ya dirisha lake nikiwa na sanduku kichwani, na sikumuaga. Niliwaambia watu kwamba aliniuza ili aonekane mwadilifu. Nilisema hivyo kwa miaka, na kila nilipomaliza kusema, ile saa moja kati ya saa nne na saa tano ilirudi palepale.

Nilimwona tena baada ya vita vya Kagera, miaka ile ambayo maduka yalikuwa na rafu tupu na mwenye akili alipanda basi mpaka Tarakea, mpakani na Kenya, kutafuta sabuni. Nilikuwa nimerudi likizo. Sokoni, nyuma ya mafungu ya maharage, nilisikia mtu akisema, "Haya, sema," nikageuka kabla sijafikiri.

Alikuwa amezeeka. Alikuwa na miwani mpya, yenye miguu miwili. Chini ya maharage yake kulikuwa na sabuni za kutoka upande wa pili, zimefunikwa gunia, na alimuuzia mama mmoja mche mzima huku akiangalia kama mgambo wanakuja. Mtu aliyemkata mwenzake siku ya mapumziko kwa penseli.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alinitazama. "Umenenepa. Tanga kuna chakula."

Nilichuchumaa mbele ya maharage. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyatayarisha kwa miaka, ya kumlaumu, na hata moja halikutoka. Lililotoka ni hili: "Mama, yule mzee. Ni mimi?"

Hakuniambia hapana. Wote wengine niliowahi kuwauliza waliniambia hapana kabla sijamaliza.

"Sijui," alisema. "Nilikwenda kwao."

"Lini?"

"Baada ya arobaini. Mjane wake alikuwa anafikiri ni kuhara tu. Hakuna aliyemwambia habari ya chupa. Nikaona hiyo ni habari yake, si ya hospitali wala ya kwetu. Nikamweleza yote. Namba, mvua, saa tuliyofika."

"Akasemaje?"

"Alinifukuza." Alipanga mafungu yake upya, ingawa yalikuwa yamepangika. "Mwaka uliofuata nikarudi, akanifukuza tena, lakini kwanza alinipa maji. Mwaka wa tatu aliniuliza kama mume wake aliita mtu kabla ya kufa. Nikamwambia sikuwepo, nikaenda kumtafuta Metroni, nikarudi na jibu. Aliita jina la mjane. Tangu hapo huwa nakaa mpaka jioni."

Mama mwingine alikuja kuuliza sabuni. Alimhudumia, akafunika gunia.

"Ulimwambia ni nani aliyepokea simu?" nilimwuliza.

"Nilimwambia jina langu. Lako sikulitaja. Si langu mimi kulitoa."

  Nilimwomba anielekeze kwa yule mjane. Hakuniuliza ninakwenda kufanya nini. Alinieleza pole pole: nishuke Kwa Sadala, nipande barabara ya hospitali, nivuke mfereji wa pili, kihamba cha kushoto, shamba la migomba lenye mivinje miwili na nyumba ya mlango wa bati la bluu.

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Mjane alikuwa amekaa nje anamenya ndizi za mtori, kisu kidogo mkononi, beseni katikati ya miguu. Alikuwa mzee kuliko nilivyomwazia. Nilimwamkia, akaitikia, akasubiri. Mimi nikabaki nimesimama, na nikamwambia jina langu.